Kata Inapoitwa Kutoa Ushahidi

Habari ya ndoa kuvunjika ikifika, swali la kwanza huwa lile lile: nani kamwacha mwenzake? Mleta habari amesema "wameachana", kwa adabu, kana kwamba wawili hao walihesabu moja, mbili, tatu, wakageuziana migongo kwa pamoja. Hatumwamini. Tunataka kumjua aliyeacha na aliyeachwa. Kile kiambishi -ana, ambacho katika kupendana na kuoana tunakipokea bila maswali, katika kuachana tunakitilia shaka.

Niliingia na swali hilo kwenye Marriage Story, filamu ya Noah Baumbach ya mwaka 2019, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilitoka na jibu la haraka mno. Nilimhurumia mume. Nimeitazama tena, na safari hii naona kwamba filamu yenyewe ilijua tutamhurumia mume, ikaliweka jibu mahali ambapo wengi tulipita mbio. Nitafika hapo.

Inaanza kwa sauti ya Charlie (Adam Driver), mwongozaji wa michezo ya jukwaani huko New York, akitaja anayoyapenda kwa mkewe. Kisha inakuja zamu ya Nicole (Scarlett Johansson), mwigizaji aliyetokea Los Angeles. Ukisubiri mashairi utasubiri sana. Charlie anasema Nicole hujitengenezea chai asiinywe, kwamba kufunga mlango wa kabati humshinda ila hujitahidi kwa ajili yake, kwamba ndiye kinyozi wa nyumba nzima. Nicole anasema Charlie hula kama mtu anayetaka kumaliza kazi, hulia kwa urahisi kwenye sinema, hushona soksi zake mwenyewe, na hupenda kuwa baba kiasi cha kuudhi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hizi ni kata mbili zinasimulia. Hakuna anayeweza kuyajua haya kwa mbali. Lazima uwe umeinama ndani, tena na tena, kwa miaka.

Kumbe ni kazi waliyopewa. Wamekwenda kwa msuluhishi ili waachane kwa amani, naye amewaagiza kila mmoja aandike sababu za kumpenda mwenzake na azisome kwa sauti, wasije wakasahau walikotoka. Nicole anakataa kusoma yake. Anainuka, anatoka, na karatasi ile inabaki haijasomwa karibu filamu nzima.

Ninavyoiona mimi, kisa chote kimejengwa juu ya karatasi hizo mbili. Yale wanayojuana nayo hayapotei mapenzi yanapokwisha. Yanatafuta kazi nyingine ya kufanya, na mahakama inayo kazi hiyo.

Mpango wa awali ulikuwa wasitumie mawakili. Nicole anakwenda Los Angeles kuigiza katika kipindi cha majaribio cha tamthilia ya televisheni, anamchukua mtoto wao Henry, anafikia kwa mama yake, na huko anapelekwa kwa Nora Fanshaw, wakili aliyeigizwa na Laura Dern, ambaye kazi hiyo ilimpa tuzo ya Oscar mwaka 2020. Nora anavua viatu, anajikunja kwenye kochi karibu na Nicole kama dada yake, na kumwambia aeleze tangu mwanzo. Ni onyesho la utu na la biashara kwa wakati mmoja, na sidhani Nora mwenyewe anajua mpaka uko wapi. Mteja anayelia anasikilizwa kikweli. Pia anasajiliwa.

Kisha inakuja bahasha. Sheria haimruhusu mdaawa kumkabidhi mwenzake hati za talaka kwa mkono wake, lazima afanye mtu wa tatu. Nicole anamtwisha dada yake kazi hiyo, na dada anatetemeka jikoni kama mwigizaji aliyesahau maneno, huku Charlie akiingia na kumkumbatia kila mtu, maana hawa kwake bado ni ndugu. Nimecheka sana hapo, na ni kicheko cha aibu. Familia nzima inampenda mtu inayemshtaki. Bahasha ile ya karatasi inafanya kile ambacho hakuna hata mmoja jikoni aliyethubutu kukifanya kwa mdomo: inamgeuza shemeji kuwa mjibu maombi.

Hapa historia ya sheria inasaidia kuelewa kwa nini Baumbach alichagua miji hiyo miwili. California lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake. Sheria hiyo ilitiwa saini mwaka 1969 na gavana Ronald Reagan, ambaye ndoa yake ya kwanza ilikwisha kwa talaka, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Kabla ya hapo ilibidi uthibitishe uzinzi, ukatili, kutelekezwa au kosa jingine la namna hiyo, na watu waliokubaliana vizuri tu kuachana walilazimika kudanganya mbele ya hakimu ili waachiliwe. New York lilikuwa jimbo la mwisho kufuata, mwaka 2010. Charlie anashikilia kwamba wao ni familia ya New York. Mawakili wa Nicole wanasema ni familia ya Los Angeles: walifunga ndoa huko, mtoto alizaliwa huko, na sasa anasoma huko. Kwa hiyo watu wawili wanaovutana katika filamu hii wamesimama kwenye ncha mbili za historia ya talaka ya nchi yao.

Nia ya sheria ile ilikuwa njema: kuondoa lawama mahakamani. Lakini lawama haikufa, ilihamia kwa mtoto. Jaji haulizi tena nani alimkosea nani, ila bado lazima aamue mtoto alale wapi, na njia fupi ya kushinda swali hilo ni kuonyesha kwamba mwenzako hafai kulea. Charlie alilala na mwanamke waliyekuwa wakifanya naye kazi kwenye kundi la maigizo. Siku ya mahakamani, uzito unaangukia kwenye divai na mkanda wa gari.

Divai ni ya Nicole. Aliwahi kumwambia Charlie kwamba usiku mmoja alikunywa akapata shida kupanda ngazi. Aliyasema kama mke anavyosema jambo la kujiaibisha kidogo kwa mtu anayemwamini. Wakili wa Charlie, Jay Marotta (Ray Liotta), analisimamisha mbele ya jaji kama dalili ya ulevi. Nora naye anajibu kwa kiti cha mtoto cha gari ambacho Charlie hakukifunga sawasawa, na ghafla baba aliyesifiwa kwa kupenda ubaba kupita kiasi ni baba mzembe. Tazama nyuso za wawili wenyewe wakati huo. Hawatazamani. Kila mmoja anasikia siri aliyoitoa kwa mapenzi ikirudi kwa sauti ya mgeni, na kila mmoja anajua ni nani aliyempa huyo mgeni maneno. Kata imepanda kizimbani.

Nora ana hotuba moja, akimwandaa Nicole kwa mahojiano ya mtaalamu atakayetathmini malezi, kwamba jamii humsamehe baba mwenye kasoro lakini humtaka mama awe kama Bikira Maria. Ni kweli, na mizani ya mashahidi wale wawili inathibitisha: glasi ya divai ya mama inapimwa kwa kipimo kilekile cha mkanda uliolegea, ingawa ni mkanda ndio ungeweza kumuumiza mtoto. Tena Nora anaisema kweli hiyo akiwa kazini, kwa malipo ya saa. Filamu haimdharau kwa hilo, nami sioni sababu ya kumdharau.

Malipo hayo yenyewe ni simulizi. Jay anamwambia Charlie kwamba yeye hutoza dola 950 kwa saa, na kuna kijana wake wa dola 400, basi swali la kijinga ampigie kijana. Charlie anashindwa kulipa bei hiyo, anakwenda kwa Bert Spitz (Alan Alda), mzee mpole anayeamini katika suluhu, na hata huyo, anapoanza kumtolea kisa cha kuchekesha faraghani, Charlie anauliza kama kisa chenyewe nacho kinahesabiwa kwenye bili. Upole wa Bert unaanza kuonekana kama njia ya kushindwa polepole, Charlie anarudi kwa Jay. Watu wawili wanaosema kila siku kwamba wanamfikiria mtoto wanazimwaga fedha za kumsomesha mtoto huyo chuoni ili waamue nani anamfikiria zaidi.

Bert, kabla hajaachwa naye, anasema sentensi ambayo kwangu ndiyo uti wa filamu upande wa msiba: kwamba kutalikiana mkiwa na mtoto ni kama kifo kisicho na maiti. Mzee amesema. Kifo chenye maiti kina utaratibu. Watu wanakuja, wanakaa, kuna neno la kusema, na baada ya siku kadhaa kuna ruhusa ya kuanza kupona. Huu ni msiba usio na matanga. Aliyekufa anapiga simu kuuliza kama mtoto amekula.

Tena hawafi wawili tu. Sandra, mama wa Nicole, anampenda mkwe wake kwa furaha ya kitoto, na Nicole analazimika kumwambia mama mtu mzima kwamba hawezi kuendelea kuwa rafiki wa Charlie. Mama anaona ni uonevu. Nadhani ana haki. Hakuna aliyemuuliza alipopewa mwana wa kiume, na hakuna aliyemuuliza alipopokonywa. Upande wa pili kuna kundi la maigizo la New York. Nicole katika orodha yake alisema Charlie ni hodari wa kuunda familia kutokana na watu walio karibu, kwamba hata mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi hujiona ana nafasi. Charlie aliunda familia hiyo kwa sababu ile aliyozaliwa nayo huko Indiana ilikuwa ya pombe na kipigo. Kila safari ya ndege kwenda kwenye kesi inamchomoa kidogo kutoka humo. Usiku wa Halloween anamfuata Henry akiwa amevaa kama mtu asiyeonekana, amejizungushia bandeji kichwa kizima, na mtoto ameshazunguka kuomba pipi na upande wa mama, amechoka. Mfano huo uko wazi mno kwa ladha yangu. Lakini uchovu wa mtoto anayelazimishwa kufurahi mara mbili kwa usiku mmoja, huo hauhitaji mfano.

Halafu ugomvi. Picha zake za mnato zilisambaa mtandaoni kiasi kwamba wengi waliziona kama utani kabla ya kuiona filamu: Charlie na ukuta alioutoboa kwa ngumi. Ukiutazama mzima, kinachotisha ni mpangilio wa maneno. Wanaanza kwa heshima, katika nyumba ya kupanga yenye kuta tupu, wakitaka kuzungumza bila mawakili. Hawana matusi mapya. Wanachota palepale. Nicole anamwambia anafanana na baba yake, neno ambalo kwa mtu yeyote mwingine lingekuwa salamu, na kwa Charlie wa Indiana ni kisu. Charlie naye anamwambia yeye ni mama yake mtupu. Wanafika mahali ambapo Charlie anasema kila siku huamka akitamani Nicole awe amekufa, kisha anaporomoka chini analia, na Nicole anamwinamia, anamshika. Mtu wa nje asingeweza kumuumiza namna hiyo. Pia asingejua jinsi ya kumshika.

Sasa nirudi kwa lile swali la kwanza. Ofisini kwa Nora, Nicole anazungumza kwa dakika kadhaa, na anayoyasema ni ya kawaida hadi yanachosha: kwamba alianza akiwa nyota naye Charlie akiwa hajulikani, kwamba kidogo kidogo akawa anaishi ndani ya uhai wa mtu mwingine, kwamba kila alipotaka waende Los Angeles alijibiwa baadaye. Kisha anasema alimwomba mumewe ataje namba yake ya simu. Hakuijua. Basi akaondoka. Na akishamaliza, kama mtu aliyesahau kitu mezani, anaongeza kwamba tena anadhani Charlie alilala na yule mwanamke wa kundini.

Namba ya simu kwanza, uzinzi baadaye. Huo mpangilio ndio ulionipita mara ya kwanza. Mtu aliyejua vikombe vyake vya chai, kabati lake lisilofungwa, mikono yake yenye nguvu ya kufungua mikebe iliyoshindikana, hakujua namna ya kumpata akiwa mbali naye. Alimjua Nicole wa nyumbani, Nicole wa jukwaani mwake. Kata huujua mtungi kwa ndani. Kwa nje, uliko, unakotaka kupelekwa, haijui. Kwa hiyo aliyetoka mlangoni ni Nicole, lakini kwa maelezo yake mwenyewe alitoka kwenye nyumba aliyokuwa ameshaachwa ndani yake kitambo. Sarufi ya adabu ilikuwa sahihi kuliko udaku wetu: waliachana, ila kwa saa tofauti.

Je, filamu inamtendea haki? Nusu. Baumbach anampa Nicole maelezo yake mapema, kwa ukamilifu, kisha anamfuata Charlie kwa muda mrefu: viwanja vya ndege, hoteli, ofisi za mawakili waliomkataa kwa sababu Nicole alishawahi kuwaona. Mateso yanayoonekana huvuta huruma kuliko maelezo yaliyosikika saa moja nyuma. Ndiyo maana wengi tulitoka na Charlie mabegani. Bado ni hatua kubwa kutoka Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, iliyotwaa tuzo tano za Oscar ikiwemo ya filamu bora, ambamo mke anatoka mwanzoni kabisa na sisi tunabaki na Dustin Hoffman akijifunza kupika mkate wa mayai. Meryl Streep, aliyeigiza mke huyo, alilazimika kuiandika upya hotuba ya mhusika wake mahakamani ili mwanamke yule awe na sababu. Na kama unataka mizani isiyotikisika kabisa, ipo A Separation ya Asghar Farhadi kutoka Iran, ya mwaka 2011, inayoanza na mume na mke wakimtazama jaji ambaye ni sisi wenyewe, na kuishia na binti yao akitakiwa kuchagua, huku wazazi wakisubiri koridoni. Jibu lake hatulisikii. Farhadi hakutupa hata kochi la Nora la kukalia.

Henry hapewi swali hilo kwa uwazi, na huenda ndiyo huruma pekee anayotendewa na watu wazima wa filamu hii. Ni mtoto wa miaka minane anayesumbuliwa na kusoma, anayependa Los Angeles kwa sababu ina nafasi, bila kujua kwamba kila anapoisifu anamsogeza baba yake hatua moja nje. Sipendi kumwita majani yaliyokanyagwa na tembo. Majani hayana upande, na Henry anao: anataka mambo yawe rahisi.

Kuna tukio dogo katikati ya kikao cha mawakili. Chakula kinaagizwa, orodha inazungushwa mezani, Charlie anashindwa kuchagua. Anaganda. Nicole anaichukua orodha na kumwagizia, pamoja na kinachotakiwa kubadilishwa kwenye saladi. Mawakili wanasubiri zamu zao. Kisha kikao kinaendelea na kuvunjana kunaendelea. Hakuna aliyeandika hilo kwenye kumbukumbu za shauri.

Mambo yakishamalizika, Nora anampa Nicole habari kwa furaha: Charlie akiwa Los Angeles, siku za Henry zitagawanywa 55 kwa 45, Nicole akiwa na 55. Nicole hakuomba hivyo, alitaka nusu kwa nusu. Nora anasema hakutaka Charlie apate cha kujivunia.

Mwaka unapita. Charlie amepata kazi ya muda Los Angeles. Anafika kwa Nicole, anamkuta Henry amekaa na karatasi, anaisoma kwa kusuasua, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ni ile karatasi ya Nicole. Mtoto anakwama, baba anaketi na kuendelea pale alipokwama, hadi sentensi ambapo Nicole anasema alimpenda sekunde mbili baada ya kumwona na hataacha, ingawa haina maana tena. Nicole amesimama mlangoni. Hawakujua yupo.

Jioni hiyo wanatoka wote, na usiku ule kwa mujibu wa makubaliano ni wa Nicole. Anamwambia Charlie amchukue tu mtoto. Charlie anakwenda zake amembeba Henry, kamba ya kiatu imefunguka na hana habari. Nicole anamwita. Anamkimbilia, anainama, anaifunga, anarudi alikokuwa.